Sahihi za Darasa la Saa Tisa

Miaka ile kampuni ya migodi ilipokata pumzi, shule zake zilikufa pamoja nayo, ila zilikufa polepole, sisi tukiwa ndani. Nilikuwa nafundisha darasa la pili katika mojawapo, ukingoni mwa Lubumbashi, njia ya kwenda Kasungami. Hakuna aliyetufukuza kazi. Tulisahauliwa tu. Mshahara ulianza kuchelewa, kisha ukawa kitu cha kuulizana kwa utani. Walimu wanaume wengi waliacha chaki wakachukua sururu, wakaenda Kambove kuchimba mawe ya shaba. Wanawake tulibaki kwa sababu watoto waliendelea kuja kila asubuhi, wamevaa nyeupe na bluu, kana kwamba nchi bado ilikuwa na serikali.

Wazazi ndio waliotulisha. Kila mzazi alitoa mchango wa mwalimu, na asiyetoa, mtoto wake alirudishwa nyumbani. Sitajificha nyuma ya mtu: mimi pia niliwarudisha. Nilisimama mlangoni nikasoma majina, na walioitwa wakachukua mifuko yao ya plastiki wakaondoka. Nilipika bukari, ugali wetu, kwa mchango ule, na nilikuwa na hasira na kila mtu aliyenifikisha pale, kuanzia wakubwa wa Kinshasa hadi mimi mwenyewe.

Siku moja alikuja mama mmoja muuza samaki, wale wakavu wanaoletwa kutoka Kasenga, amemshika mkono binti yake niliyemrudisha. Nilijiandaa kutukanwa, maana sokoni alisifika kwa ulimi. Hakunitukana. Aliniuliza kama mchana, watoto wakishaondoka, chumba changu kinakaa bure. Nikamjibu kwamba kinakaa bure.

"Basi mi nitakuya muchana, Madame. Unifundishe kusoma. Halafu mutoto nitamufundisha mi mwenyewe."

Nilicheka. Alinitazama mpaka nikaacha kucheka.

Kesho yake alikuja na wenzake wanne, na kabla mwezi haujaisha walikuwa kumi na tisa. Tulikutana saa tisa, soko likishapungua. Nusu ya mabati ilikuwa imeibwa, na madawati yalikwisha kuwa kuni za kupikia maharage zamani, kwa hiyo kila mmoja alikuja na kidumu chake cha mafuta akakaa juu yake. Ubao tuliupaka unga mweusi wa betri zilizokufa, uliokorogwa na majani ya mhogo. Chaki hatukuwa nayo, ila wanaolima Kasungami walileta vipande vya mhogo mkavu, na mhogo ukiwa mkavu sawasawa unaandika vizuri tu. Niliwafundisha kwa Kiswahili, silabi kwa silabi, na sijawahi kuwa na darasa lenye kelele kama lile. Walisutana, walinisuta mimi, walimsuta hata yule aliyebuni herufi.

Mkubwa wao kwa umri alikuwa mjane wa fundi wa reli. Mume wake na baba yangu walitoka kaskazini ya Katanga pamoja, wakafanya kazi karakana moja, wakasali kanisa moja, kwa hiyo nje ya darasa aliniita mwanangu, na ndani ya darasa aliniita Madame kama wengine. Alisoma polepole kuliko wote. Aliweka kidole chini ya neno akakisukuma mbele, na hakuruka silabi hata moja. Ukijaribu kumsaidia, alirudi mwanzo wa mstari. Kwake, neno lililokamilishwa na mtu mwingine lilikuwa bado halijasomwa.

Kisha uchaguzi ukaja. Vita vilikuwa vimekwisha, au tuliambiwa vimekwisha, na kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kuona kura yenye majina mengi. Mji uliingiwa na wazimu. Magari yenye vipaza sauti yalipita kutwa, na kila mgombea aligawa kofia, chumvi na vitenge vyenye uso wake. Wanawake wakawa wanatembea na sura za wanaume wasiowajua mgongoni na makalioni, na muuza samaki akasema angalau mmoja wao amekwisha kupata kiti kabla ya kura.

Mgombea mmoja wa ubunge alichapisha programu yake katika kijitabu cha Kifaransa, karatasi nzuri ya kung'aa. Nilikileta darasani nikawatafsiria. Kilizungumzia migodi kurasa tatu, barabara kurasa mbili, usalama, kilimo, viwanda. Karibu na mwisho, katikati ya sentensi iliyohusu hospitali, kulikuwa na maneno haya: na vilevile elimu. Basi.

Walisubiri niendelee. Halafu muuza samaki akaniomba nisome tena pale, akidhani nimeruka ukurasa. Nikasoma tena. Mjane akauliza kama neno hilo moja linamhusu mtoto tu au na yeye pia yumo. Nikamwambia neno lenyewe halijui.

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa, na lilikuwa lao, si mimi niliyewatia. Kama mtu huyo anataka kura, basi aandike sehemu ya shule katika programu yake, sehemu yenye ukurasa wake. Watoto wasifukuzwe darasani kwa sababu ya umaskini wa wazazi. Serikali, yaani Leta kama tunavyoiita sisi, imlipe mwalimu. Na watu wazima wasiojua kusoma wapewe madarasa na walimu, iwe kazi ya Leta na si huruma ya Madame mmoja juu ya vidumu vya mafuta.

Niliiandika barua ile mimi, kwa Kifaransa safi, mwandiko wangu wa mwalimu, na ikajaza ukurasa wote. Ikabaki kusaini. Wanawake wale, maisha yao yote, walikuwa wameweka dole gumba kwenye wino: kwenye cheti cha ndoa, kliniki, hata kwenye hati ya kumzika mume. Sasa walitaka kuandika majina yao wenyewe, na herufi zao zilikuwa kubwa, zinataka nafasi. Basi nilirarua ukurasa mwingine, mweupe, nikachora mistari, nikaandika namba pembeni kama ninavyofanya kwenye orodha ya mahudhurio. Mkono wangu ulikuwa umezoea. Miaka yote niliyofundisha, majina yalikaa ukurasa wake peke yake. Walisaini mmoja mmoja, wengine wakitoa ulimi nje kwa bidii, na wa mwisho alipomaliza walipiga vigelegele mpaka mkuu wa shule akachungulia dirishani.

Nilibana kurasa zile mbili kwa pini nikazipeleka ofisi ya kampeni. Mpiga debe mkuu wa mgombea mtaani kwetu alikuwa mwenzangu wa zamani, aliyefundisha darasa la sita chumba cha tatu kutoka changu kabla hajaona kwamba siasa inalipa. Alinipokea kwa furaha, akaniita mwenzake, akasoma barua yote, akatikisa kichwa kwa heshima. Aliahidi kuifikisha. Nilirudi nyumbani nikijisikia mrefu.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, kulikuwa na mkutano kwenye uwanja wa mpira. Ilikuwa miezi ya baridi, vumbi jekundu linapeperuka, na tulikwenda sote tumejifunika sweta na vitenge tukitazamia jibu. Mpiga debe alishika kipaza sauti. Akasema akina mama wa mtaa huu wamefungua macho, wamejiunga na chama kwa hiari yao, na majina yao haya hapa, yameandikwa kwa mikono yao wenyewe. Akaanza kusoma.

Muuza samaki alisikia jina lake, la kwanza kabisa, likiruka juu ya uwanja mzima, naye akapiga kigelegele. Namwelewa. Hakuna mtu aliyewahi kusoma jina lake kutoka kwenye mwandiko wake. Kigelegele kilikuwa bado hakijaisha aliponigeukia, na nikaona uso wake unabadilika. Majina yaliendelea, moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule niliouchora mimi. Kuhusu shule mpiga debe hakusema neno. Pini ilikuwa imetolewa, barua imetupwa sijui wapi, na kilichobaki mkononi mwake kilikuwa ukurasa wa majina usio na kitu juu yake, ambao mtu yeyote angeweza kuubandika mahali popote.

Nilitamani ardhi inimeze. Sikumkasirikia mpiga debe kwanza, nilijikasirikia mimi.

Madhara hayakuchelewa. Mume wa muuza samaki alikuwa shabiki mkubwa wa chama kingine, kofia yao alilala nayo. Alisusa chakula cha mkewe siku mbili, na siku ya tatu akasema mwanamke anayejiunga na chama kwa siri anaweza kujiunga na mambo mengine kwa siri. Wengine waliitwa wasaliti kisimani. Lakini aliyenitia hofu ya kweli alikuwa mjane. Alikuja kwangu Jumatatu asubuhi kabla ya shule, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akakataa chai.

"Mwanangu, ile mambo ya ku gare ilianzaka na liste," akasema.

Nilijua anachosema. Kila mtu wa umri wetu mjini anajua. Miaka kumi na kitu nyuma, kabla ya vita, majirani tuliosoma nao na kuoana nao walianza kuitwa wageni kwa sababu wazee wao walitoka mkoa mwingine. Walifukuzwa majumbani wakarundikana kituo cha reli, wao na magodoro yao, miezi na miezi, wakisubiri treni ya kuwapeleka makwao ambako wengi hawajawahi kukanyaga. Mume wake, akiwa fundi wa reli, aliwaona wakifa pale kwenye mabehewa. Watu waliopita mlango kwa mlango walikuwa na karatasi zenye majina. Tangu hapo, katika mji wetu, jina lako kuwa kwenye orodha ya mtu si jambo dogo. Leo chama hiki kinashinda, kesho kinashindwa, na karatasi inabaki kwenye droo ya mtu usiyemjua.

Saa tisa niliwaambia darasa zima kwamba kosa ni langu. Niliwaeleza jinsi barua na majina vilivyopaswa kukaa ukurasa mmoja, ili mtu asiweze kuvitenganisha. Nilitegemea wengine wataacha kuja. Muuza samaki akasema basi leo Madame amepata sifuri, na wakanicheka, kicheko kisicho na utamu mwingi, ila walinicheka. Kisha wakasimama, wakabeba vidumu vyao, tukaenda ofisi ya kampeni sote ishirini kwa miguu.

Mpiga debe alitukaribisha ndani kama wageni wa harusi. Tulipodai karatasi yetu, alisikitika sana: ilikwisha kupelekwa makao makuu, haiwezi kurudi. Akatutuliza. Akasema hakuna ubaya, chama kinapenda elimu, na ili kutushukuru kuna kitenge kwa kila mama. Vikaletwa, vipya, vinanukia duka. Kilichotakiwa ni kusaini tu kwamba tumepokea, na karatasi alikuwa nayo, ameiandika kwa Kiswahili ili tuelewe. Aliisukuma mbele ya mjane, kwa kuwa ndiye mzee, akaweka na kidau cha wino wa dole gumba.

Mjane alikisogeza kidau pembeni. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Sijui ilichukua dakika ngapi. Alianza: si, si, sisi. Mpiga debe akatabasamu. A, ki, na, akina. Akasema hakuna haja, mama, ni risiti tu. Mjane akarudi mwanzo wa mstari. Yule bwana alikuwa amefundisha miaka kumi, na ninajua kilichokuwa kinamtesa: alitaka kumkamilishia neno. Mimi pia nilitaka, niliuma ulimi. Kidole kilisogea, kikasimama, kikasogea, na tuliokuwa nyuma yake tulisikia neno likijengwa tofali kwa tofali: wa, na, cha, ma. Wanachama. Halafu: tu, na, ku, ba, li. Mpiga debe aliacha kutabasamu.

Karatasi ile ilisema kwamba sisi akina mama, wanachama wapya, tunakubali majina yetu yatumike.

Mjane aliondoa kidole. Hakunitazama mimi kuniuliza kama amesoma sawa.

"Mi nilisaina juu ya lekol, juu ya masomo," akamwambia. "Hapana juu ya muntu."

Vitenge tuliviacha mezani. Mmoja wetu alikishika kile chake kwa muda, maana kilikuwa kizuri na alichovaa kilikuwa kimechakaa, kisha naye akakirudisha, wa mwisho. Huyo ndiye ninayemheshimu kuliko wote.

Karatasi ya kwanza hatukuipata tena. Nilijitolea kuandika nyingine, nikiwa na haraka ya kufuta kosa langu, lakini walinikatalia. Mara hii wangeandika wao, na kwa lugha yao. Mke wa fundi mwashi alileta mfuko wa saruji, wakaufungua, wakaukung'uta, wakachukua karatasi ya ndani iliyo safi, pana kama meza. Iliwachukua michana minne. Mimi nilikaa kwenye kidumu nyuma kama mwanafunzi, na mtu akiniuliza herufi nilimjibu, asiponiuliza nilinyamaza. Waliandika kama wanavyosema: mutoto asifukuzwe ku lekol, mwalimu alipwe na Leta, bakubwa nabo bafundishwe kusoma, na ile yote iandikwe mu programu. Chini ya mstari wa mwisho, bila kuacha hata nafasi ya kupitisha kisu, wakaanza majina yao. Nikasaini na mimi, wa ishirini.

Mgombea mwenyewe alikuja wiki ya mwisho ya kampeni, uwanja uleule. Tulifika mapema tukakaa mbele kabisa, mahali pa wacheza ngoma, na mabaunsa walipotaka kututoa muuza samaki aliwauliza kama hawajui kwamba sisi ni wanachama, majina yetu yalisomwa hapa hapa. Wakatuacha. Mgombea aliposhuka kusalimia watu, mjane alikunjua mfuko wa saruji. Mgombea aliupokea kwa mkono mmoja, akatoa tabasamu la picha, akaugeuza kumpa mpiga debe wake. Mjane hakuuachia. Wakawa wameushika wawili.

"Soma we mwenyewe, papa," mjane akasema.

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa mgombea, na uwanja mzima ulisikia. Alisoma. Mwandiko ulikuwa mgumu, herufi nyingine zimelala, nyingine zimegeuka, na mtu yule aliyesoma vyuo vikuu alikwama mstari wa pili, akarudi, akakwama tena. Watu wa nyuma walicheka. Darasa langu halikucheka, wao walijua kukwama ni nini. Alipomaliza alisema ni vizuri sana, ameelewa, atalifikiria na washauri wake. Muuza samaki akamnyooshea kalamu.

"Jina yetu mulisoma bila kutuuliza," akamwambia. "Shiye tunakuuliza."

Mtu mmoja kule nyuma akaanza kupiga kelele asaini, asaini, na wengine wakaitikia, hata wenye kofia za chama kingine, nafikiri hasa wao. Nilimwona mume wa muuza samaki akipaza sauti kuliko wote. Mgombea akatazama kushoto na kulia. Meza haikuwepo. Mpiga debe, mwenzangu wa zamani, akainama akatoa mgongo wake, na mgombea akaandikia hapo jina lake lote, chini ya langu. Sijaona furaha kama ile maishani mwangu, na sitaki kuiita kwa jina dogo.

Alishinda. Akaenda Kinshasa. Programu mpya haikuchapishwa, na mabati ya chumba chetu hayakurudi. Sisemi uongo kwa sababu ya hadithi nzuri. Lakini Jumatatu baada ya mkutano ule nilisimama mlangoni na orodha ya wasiotoa mchango, nikaikunja, nikawaambia watoto waingie. Mkuu wa shule alinifokea, akanitishia. Siku iliyofuata alikuta akina mama kumi na tisa wamekaa ukutani juu ya vidumu vyao, saa moja asubuhi, wanamtazama. Hakunifokea tena. Nilikula vibaya mwaka ule, ndiyo, na walioweza walinichangia wakiwa mlangoni kwangu na si mlangoni pa darasa.

Uchaguzi uliofuata, yule bwana alirudi. Alikuwa amenenepa. Mjane alikuwa amekwisha kutuacha, tulimzika wakati wa mvua, na jina lake kwenye msalaba tuliliandika sisi. Mgombea alisimama uwanjani akasema mtaa huu ni wake, akina mama wa hapa ni wake tangu zamani. Muuza samaki akatoka mbele na mfuko wa saruji, umekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imeanza kukatika. Aliusoma wote kwa sauti, bila kukwama hata mara moja, mambo yote manne na majina ishirini, pamoja na la marehemu. Alipofika chini kabisa aliweka kidole kwenye sahihi ya mwisho akaigeuza karatasi upande wa mgombea, aione.

"Weye uko mu liste yetu, papa," akamwambia. "Bengine bote balifanya kazi yabo. Imebaki weye."